Uwanda wa Maua na Rangi za Mafuta

Msomaji, katika kazi zote za mchoraji wa mandhari hapana hata moja idanganyayo macho ya watu kama picha ya uwanda wa maua ya mwitu. Huonekana kazi nyepesi. Majani ni ya kijani, maua ni mekundu au ya manjano, mbingu ni ya samawati, na jua liko juu ya vyote. Mtu hudhani kuwa mwenye rangi nne na brashi moja amekwisha kutimiziwa haja zake. Kwa sababu hiyo picha za namna hii zimejaa katika kalenda, katika kadi za salamu na katika kuta za mahoteli, na nyingi katika hizo hazistahili kutazamwa mara ya pili. Lakini zile chache zilizo njema ni njema mno, nami nataka tuulize pamoja kwa nini chache zimefaulu pale ambapo nyingi zimeanguka.

Taabu yenyewe ni hii. Ua moja ni kitu kamili. Lina umbo lake, petali zake na shina lake, na laweza kuchorwa kama uso wa mtu uchorwavyo. Maua elfu kumi ni jambo jingine kabisa. Simama ukingoni mwa uwanda wa Athi siku chache baada ya mvua, wakati yale maua meupe yafananayo na vipande vya karatasi laini yachomozapo katika majani mafupi. Ua lililo karibu na kiatu chako waliona lote, na petali zake tano waweza kuzihesabu. Yaliyo hatua ishirini mbele yako ni madoa. Yaliyo mbali zaidi hayafiki hata kuwa madoa. Ni weupe tu, mithili ya moshi uliolala juu ya majani. Macho yako hayakukudanganya mahali popote. Basi mchoraji aufuate ukweli upi? Ule aujuao kwa akili, ya kuwa kila doa lile ni ua lenye petali tano, au ule auonao, ya kuwa ni doa? Hilo ndilo swali linalowatenga wachoraji wa nyanda za maua, na kila mmoja hulijibu kwa mkono wake, apende asipende.

Jibu la kwanza, lililo la kale, ni la Mjerumani Albrecht Dürer. Mwaka 1503 alichora bonge la majani ya malisho katika karatasi isiyozidi sana sentimita 40 kwa urefu na 31 kwa upana, nayo imehifadhiwa mpaka leo katika jumba la Albertina mjini Vienna. Haikuchorwa kwa rangi za mafuta bali kwa rangi za maji, walakini hapana awezaye kusema juu ya malisho katika sanaa asipoitaja. Dürer ameyashusha macho yake mpaka usawa wa udongo, kana kwamba alilala kifudifudi. Nyuma ya mimea hakuweka mlima, wala nyumba, wala wingu. Ni weupe mtupu. Kila jani lina ukingo wake, kila shina lina kifundo chake, mizizi yaonekana ikizama katika udongo wenye maji, na yale maua ya manjano yaitwayo dandelaioni yamefumba vichwa. Wataalamu wa mimea wameitazama karatasi hiyo na kuitaja mimea yake jamii kwa jamii. Hapa Kenya tunayo kazi iliyo ya ukoo huo huo katika picha za maua ya nchi yetu zilizochorwa kwa rangi za maji na Joy Adamson, ambazo nyingi zimo katika jumba la makumbusho la Nairobi. Mwaka 1947 kazi hiyo ilimpatia nishani ya dhahabu kutoka chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza. Mchoraji wa namna hii ni shahidi mwaminifu. Lakini angalia vema: Dürer hakuchora malisho. Alichora bonge moja la malisho. Aliuona wingi, akaukwepa kwa kukata kipande chake kimoja. Kama angeendelea kwa uaminifu ule ule mpaka upeo wa macho, umri wake usingalitosha, na hata kama ungalitosha, picha ingekuwa nzito kama daftari la mahesabu.

Kabla ya kufika kwenye jibu la pili, yafaa tuijue tabia ya rangi za mafuta, kwa maana vita vya mchoraji wa maua ni vita na tabia hiyo. Rangi hizo ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta, aghalabu mafuta ya mbegu za kitani. Hazikauki kama maji yakaukavyo kwa kuvukizwa na joto; hukauka kwa kuinywa oksijeni ya hewani na kugeuka ngozi ngumu polepole, kwa siku kadhaa, na zikipakwa nene, kwa muda mrefu zaidi. Polepole hiyo ni neema kwa mchora nyuso, kwa sababu humruhusu kuyeyusha kivuli ndani ya nuru. Kwa mchora maua mekundu katika majani ni mtego. Nyekundu ikigusa kijani kibichi na brashi ikarudi mara ya pili, rangi mbili hizo huuana, na kinachobaki ni matope ya hudhurungi. Yampasa basi mchoraji kuchagua: ama angoje kijani kikauke, na siku hiyo jua liwe limekwisha kuhama na maua yamekwisha kupukutika, ama alitie doa jekundu kwa pigo moja, nene, kisha auondoe mkono asirudi tena. Anayefanya hili la pili hawezi kuchora petali. Hana wakati. Doa ndilo umbo ambalo rangi yenyewe humpa.

Jambo jingine dogo lilisaidia, nalo ni kopo la bati. Zamani rangi ya mafuta iliyokwisha kusagwa iliwekwa katika vibofu vya nguruwe, ambavyo hupasuka na kuikausha. Mwaka 1841 mchoraji wa Kimarekani aliyekaa London, John Goffe Rand, alivumbua kijikopo cha bati laini kinachominywa, kama tuminyavyo dawa ya meno leo. Tangu hapo mtu aliweza kutoka na rangi zake mfukoni akaenda malishoni, akaketi mbele ya maua yaliyo hai. Watu wengi huusifu ufundi wa wachoraji wa Ufaransa wa karne ile na kulisahau kopo hilo.

Sasa twende Argenteuil. Ni mji wa ukingoni mwa mto Seine, karibu na Paris, na Claude Monet alihamia huko mwishoni mwa mwaka 1871. Mwaka 1873, akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili, alichora picha ya maua mekundu ya mwitu, ambayo kwa Kifaransa huitwa *Coquelicots*. Nitayaita mapopi. Ni ua dogo la petali nne nyembamba kama karatasi, ndugu wa mmea utoao afyuni, ila hili halina ulevi huo. Na petali zake hudumu siku moja au mbili tu kisha huanguka. Picha ni ndogo kuliko watu wadhanivyo, sentimita 50 kwa 65, nayo imo katika jumba la Orsay mjini Paris.

Itazame, msomaji, kama unayo nakala yake kitabuni. Nusu ya juu ni mbingu yenye mawingu meupe. Katikati, pale mbingu iishiapo, pana safu ya miti na nyumba moja yenye paa la rangi ya chungwa. Chini ya hapo uwanda umeinama kutoka juu kushoto kuja chini kulia, na mstari wa mwinamo huo umeugawa katika pande mbili. Upande wa kushoto umejaa mapopi. Upande wa kulia karibu hauna. Ni majani ya kijani kilichochanganyika na samawati, yaliyopakwa kwa utulivu. Mwanamke mwenye mwavuli anashuka, pamoja na mtoto, nao wamefika karibu nasi. Juu kabisa ya mwinamo yuko mwanamke mwingine na mtoto mwingine. Inaaminiwa kwamba mwanamke ni Camille, mke wa mchoraji, na mtoto ni Jean, mwana wao, na ya kwamba jozi ya juu na jozi ya chini ni watu wale wale.

Nataka ukae na upande ule wa kulia usio na maua, kwa sababu waigaji wa Monet ndipo waliposhindwa. Mwigaji huogopa mahali patupu. Akiambiwa achore uwanda wa maua hutawanya maua kila pembe, yote kwa ukubwa mmoja na wekundu mmoja, kama nukta za leso, na mwisho hapana ua hata moja linaloonekana jekundu, kwa kuwa hapana kitu cha kulitofautisha nalo. Monet aliacha karibu nusu ya uwanda wake bila mapopi, na nusu hiyo ndiyo inayoiwasha ile nyingine. Mwanakemia Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa mkuu wa kazi ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins mjini Paris, alikuwa ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1839 jinsi rangi mbili zilizo jirani zinavyogeuzana machoni, na jinsi nyekundu na kijani zinavyozidishiana nguvu zikikaa pamoja. Sidai kwamba Monet alikwenda malishoni na kitabu hicho kwapani. Nasema kwamba jicho lake lilijua neno lile lile.

Tena kuna ajabu ambayo waweza kuijaribu mwenyewe. Itafute picha hii iliyochapwa kwa nyeusi na nyeupe. Utaona kuwa mengi ya mapopi hukaribia kuzama katika majani na kupotea. Sababu yake ni kwamba wekundu ule na kijani kile vina kiasi cha nuru kilichokaribiana. Vinatofautiana kwa rangi, havitofautiani sana kwa mwanga. Katika picha ya rangi, jicho lako huona mapopi bila ya kuweza kuyashika vizuri mahali pake, na kwa hiyo yaonekana kama yanatikisika kwa upepo. Petali zilizochorwa moja moja zisingeweza kufanya hivyo.

Na ukubwa wa madoa, je? Yale ya karibu, chini kushoto, ni makubwa kupita kiasi. Ukiyalinganisha na mwanamke mwenye mwavuli, mengine yangekuwa mapana kama sahani. Mtu mwenye kupima atalalamika, na haki anayo. Lakini Monet alijua kwamba mtu atembeaye katika maua hayaoni yote kwa haki sawa. Yaliyo miguuni humrukia machoni, na yaliyo mbali humkimbia. Yale makubwa yakikua kidogo na yale madogo yakipungua kidogo, mwinamo mfupi huwa mrefu, nawe wahisi safari ya kushuka. Ndiyo maana, nadhani, wale wawili wamewekwa mara mbili. Jozi ya juu ni dakika iliyopita, na jozi ya chini ni dakika hii. Wako wakosoaji wasemao kuwa jozi mbili ni hila ya kujaza nafasi tu. Mimi naona kinyume: ukiiziba jozi ya juu kwa kidole chako, uwanda wote hulala chali kama ukuta uliopakwa rangi.

Picha hii ilionyeshwa kwa watu katika maonyesho yaliyofunguliwa tarehe 15 Aprili 1874 katika nyumba iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar, huko boulevard des Capucines, ambako wachoraji wapatao thelathini walijitenga na maonyesho ya serikali. Siku kumi baadaye Louis Leroy aliandika dhihaka katika gazeti la *Le Charivari*, na kutokana na jina la picha nyingine ya Monet, ya jua la alfajiri bandarini, akawabandika wote jina la Waimpreshonisti. Lalamiko la watu wa namna yake lilikuwa kwamba hizi si picha bali ni maandalizi ya picha, kazi isiyomalizika. Tusiwacheke upesi. Waliuliza swali la haki: kama ua ni doa, na mtu ni madoa matatu, mchoraji ataacha lini? Monet alilijibu swali hilo kwa mkono wake. Huacha pale ambapo pigo moja zaidi lingeligeuza doa kuwa ua moja, nao uwanda ukafa.

Jibu la tatu ni la Gustav Klimt wa Austria, aliyezoea kwenda kupumzika wakati wa kiangazi kando ya ziwa Attersee. Mwaka 1907 alichora uwanda wa mapopi katika turubai la mraba, sentimita 110 kila upande, ambalo limo katika jumba la Belvedere mjini Vienna. Klimt alikuwa na desturi ya kutembea na kipande cha kadibodi kilichokatwa tundu la mraba, akichungulia kwacho mpaka apate sehemu imtoshayo. Katika picha hii mbingu imesukumwa juu kabisa ikabaki utepe mwembamba. Chini yake yote ni maua: mekundu, meupe, ya manjano, ya samawati, na miti ya matunda iliyosimama kati yake imepakwa kwa madoa yale yale hata huwezi kusema kwa hakika mti umeanzia wapi. Hapana njia, hapana mtu. Mtu wa pwani atanielewa nikisema kuwa ni leso iliyo mji mtupu, haina pindo. Yaweza kuendelea kushoto na kulia na chini bila kikomo.

Ni kazi ya fundi mkubwa, na jicho hushiba. Hata hivyo, baada ya kuitazama kwa muda, naona pumzi inanibana. Katika uwanda wa Monet naweza kuingia, nikachagua pa kukanyaga. Katika uwanda wa Klimt hapana pa kuweka mguu. Maua yamegeuzwa kuwa pambo, na pambo halina umbali. Klimt bila shaka aliyataka hayo. Alichora kitambaa cha nchi, wala si nchi yenyewe. Lakini mwenye kutaka kujua mtu ni mdogo kiasi gani katikati ya malisho, au saa gani ya mchana ilikuwa, hataambiwa na Klimt.

Mpaka hapa nimempa Monet ushindi, na kama jambo lingekuwa la ustadi tu ningeweka kalamu chini. Liko neno zito zaidi. Malisho yenyewe hayako tena kama yalivyokuwa. Katika nchi tambarare za Uingereza na Wales, utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kwamba takriban asilimia 97 ya malisho yenye maua mengi yaliyokuwako katika miaka ya 1930 yalikuwa yametoweka kufikia mwaka 1984. Mengine yalilimwa wakati wa vita ili watu wapate chakula. Mengine yalitiwa mbolea za viwandani, ambazo hunenepesha majani yenye nguvu mpaka yakayasonga maua yaliyozoea udongo maskini. Mapopi nayo yalipatwa na lake. Kwa kusema kweli popi si ua la malisho. Ni gugu la shamba, na mbegu yake hulala udongoni miaka mingi mpaka jembe liigeuze juu ipate nuru. Mkulima wa Argenteuil asingeona uzuri wowote katika wekundu ule, bali uvivu wa mwenye shamba. Zilipoenea dawa za kuua magugu baada ya mwaka 1945, wekundu ukapungua katika mashamba mengi ya Ulaya.

Hapo ushahidi wa wachoraji unapata uzito ambao wao hawakuutarajia. Mtu akitaka kujua leo ni mimea gani iliyoota katika malisho ya Ujerumani mwaka 1503, Dürer atamwambia, jani kwa jani. Akimwuliza Monet ni majani gani yale ya upande wa kulia, hatapata jibu. Ni pigo la brashi la kijani na samawati. Yaweza kuwa jamii kumi, yaweza kuwa mbili. Doa ambalo nimelisifu kwa uhai wake halina jina, na kisicho na jina kikipotea hapana awezaye kusema kwa hakika ni nini kilichopotea. Hili ni deni la kweli katika kazi ya Monet na ya wote waliomfuata, wala halilipwi kwa kusema kwamba picha ni nzuri.

Tarehe 1 Juni 2024 mwanaharakati mmoja alibandika karatasi juu ya picha hiyo katika jumba la Orsay. Karatasi ilionyesha mandhari yale yale kama yanavyoweza kuwa mwaka 2100, yameungua kwa joto. Ilibanduliwa, na picha ikarudi mahali pake bila kuharibika. Siwezi kuusifu mkono ugusao turubai ambalo hapana awezaye kulifanya upya. Walakini naona kwa nini picha ile ilichaguliwa katika zote zilizomo jumbani. Kila mtu hudhani anaujua uwanda ule. Watu wengi waliozaliwa mjini Paris, London au Nairobi wameyaona mapopi ya Monet kabla ya kuona popi, na wengi wao hawataona uwanda mwingine wa maua ila huo wa sentimita 50 kwa 65.

Nikiulizwa nani angefaa kuitwa na watu watakao kuyaotesha malisho upya, kama wafanyavyo baadhi ya wakulima wa Ulaya siku hizi, nasema waanze na Dürer ili wapate orodha ya mbegu. Kisha mtu mmoja kati yao na aende Paris akaitazame ile sehemu ya kulia, ambayo haina maua, apime ni kubwa kiasi gani.